Aliyetoa Hewa Apande Nyuma

Kabla hujaniambia kwamba umeshatazama video kwenye simu na spana unayo, nijibu swali moja: ukishamaliza kutoa hewa kwenye breki ya hiyo pikipiki yako, nani atapanda nyuma? Kama huna jibu, weka spana chini, vuta kiti, unisikilize.

Mimi ni Wafula, fundi wa pikipiki. Au tuseme nilikuwa fundi, kwa sababu nimestaafu, niko zangu hapa Uthiru nafuga kuku wanne na kubishana na redio. Nimetoa hewa kwenye breki nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Lakini Jumamosi iliyopita, katika ua wa nyumba yangu mwenyewe, nilifundishwa kazi hiyo upya, na tangu siku hiyo nina furaha hadi mke wangu ameniomba nipunguze sauti. Nitawaeleza yote, vijana wote mlio hapa. Ila lazima nianze na Mzee Sohan, la sivyo hamtaona kwa nini mtu wa umri wangu anarukaruka kama mwanakondoo.

Mzee Sohan ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na mikono mikubwa, na gereji yake ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya Kirinyaga Road, katikati ya jiji, mahali ambapo ukipiga chafya unawamwagia majirani wa maduka matatu. Nilifika kwake kutoka Bungoma nikiwa najua baiskeli tu, lakini nilijiona injinia. Wakati huo pikipiki nyingi zilikuwa na breki za kuvutwa na waya. Ikilegea, unakaza nati, unamuaga mwenye pikipiki, anaenda. Kisha zikaanza kuja zile za diski, zinazosukumwa na mafuta, na sisi mainjinia wa nati tukabaki tumeduwaa.

Mzee Sohan alinieleza siku ya kwanza zilipoingia gerejini, na sijasikia maelezo bora mpaka leo. Alisema, "Mafuta hapana kubali kufinywa. Wewe nasukuma huku, yeye nasukuma kule. Lakini hewa nakubali. Hewa iko kama mutu nakwambia kuja kesho." Ndiyo hivyo, vijana. Ukivuta leva ya breki na ndani ya mpira unaopitisha mafuta kuna kiputo cha hewa, nguvu yako yote inaishia kukifinya kile kiputo, na gurudumu halina habari. Leva inazama hadi kwenye mshikio, na wewe unaendelea na safari hata kama hukuipanga.

Kutoa hewa kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta leva, mwingine anachuchumaa chini kando ya gurudumu, penye skrubu ndogo ya hewa, ile yenye tundu, ambayo umeivisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaoingia kwenye chupa. Sisi tulikuwa tunaitikiana kwa sauti.

"Shika!" anasema Mzee.

"Nimeshika!"

Anafungua kidogo, robo tu ya mzunguko. Mafuta yanatoka na viputo vyake.

"Imefungwa! Achia!"

"Nimeachia!"

Wenye maduka jirani walitucheka, wakasema Kalasinga na Mluhya wanafanya gwaride. Wacheke. Siri yote imo humo: mwenye leva haachii mpaka asikie imefungwa. Akiachia mapema, hata kwa kufumba na kufumbua, hewa inanyonywa kurudi ndani na mnaanza upya. Na wakati wote huo, mmoja wenu atazame kile kikopo cha mafuta kilicho juu ya usukani. Kikikauka, mmekaribisha hewa kwa mlango wa mbele. Mimi kilinikaukia wiki yangu ya kwanza ya kazi hiyo kwa sababu nilikuwa napiga hadithi.

Na mafuta ya breki hula rangi! Hili nilijifunza kwa tangi jekundu la kijana mmoja aliyekuwa amelipaka upya ili asindikize harusi ya kaka yake. Tone moja lilianguka, nikalipangusa kwa kitambaa kikavu, nikajisifu kwa usafi wangu. Tuliporudi kutoka chai, rangi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Jumapili nzima nilishinda nikipiga msasa na kupaka rangi, na Mzee amekaa kando ananimenyea chungwa, ananilisha kipande kimoja kimoja kwa sababu mikono yangu ilikuwa michafu, na kwa kila kipande ananiuliza, "Maji ilikuwa wapi?" Tangu hapo sijawahi kufungua kikopo bila kufunika tangi kwa kitambaa chenye maji na ndoo kuwa karibu. Kopo la mafuta ukishalifungua, lifunge upesi, kwa kuwa yanakunywa unyevu hewani. Na lile lililokaa wazi tangu mwaka juzi chini ya kitanda, usiliguse hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni zima.

Sasa nije kwenye sheria. Gereji ya Mzee Sohan ilikuwa na sheria mbili tu, na hazikuandikwa popote.

Ya kwanza, chai. Ukimaliza kutoa hewa, usiiguse leva. Unamimina chai, unakunywa taratibu mpaka kikombe kiishe, ndipo unarudi na kuvuta mara moja. Ule mvuto wa kwanza ndio unaosema kweli. Leva ukiipampu mara tatu mfululizo inakuwa ngumu hata kama ndani kuna hewa. Inakudanganya. Ndiyo maana muuzaji wa pikipiki mbovu haachi kuipampu akiwa anakuchekea.

Ya pili ilikuwa hii: aliyetoa hewa apande nyuma. Mwenye pikipiki anaendesha, fundi anakaa nyuma yake, mnashuka pamoja ule mteremko wa kuelekea mtoni. Nilipouliza kwa nini fundi asiendeshe mwenyewe akajaribu, Mzee alinitazama kama mtu aliyeniuzia kitu nikakirudisha. "Mbele iko na breki," akasema. "Nyuma iko na kazi yako tu."

Nyie hamjapanda nyuma ya mtu mnayemjua ni mwoga, mkiteremka, mkiwa mmeshika breki hiyo kwa mikono yenu wenyewe dakika ishirini zilizopita! Unahesabu kila skrubu njia nzima. Lakini tulipofika chini na gurudumu likasimama tuli, nilikuwa nasikia raha ambayo sijaipata kanisani, Mungu anisamehe.

Mara moja sikupanda.

Kulikuwa na tarishi mmoja akiitwa Ochieng, mtu wa miraba minne na mcheshi, aliyekuwa akipeleka barua za ofisi moja ya mawakili kutoka mjini hadi Hurlingham na kurudi. Alileta pikipiki yake Ijumaa, Mzee Sohan akiwa ametoka. Nami siku hiyo nilikuwa nimealikwa kwa mara ya kwanza kwa mjomba wa binti niliyetaka kumwoa. Nilikuwa nimenunua suruali ya kijivu. Vijana, suruali ile! Ilikuwa na mkunjo ungeweza kukatia mkate. Nikaona: nikivaa sasa, niko tayari, nikipanda nyuma ya Ochieng kwenye kiti kile chenye vumbi na matope, nitafika kwa wakwe kama mchimba kisima.

Kwa hiyo nilitoa hewa, nikanawa, nikavaa. Chai sikunywa. Nikaivuta leva mara tatu, puu, puu, puu, ikawa ngumu kama jiwe.

"Leo hupandi?" Ochieng akaniuliza.

"Leo naenda kwa wakwe," nikasema, na nikajipangusa goti.

Alifika Hurlingham salama. Wakati wa kurudi, akishuka Valley Road baada ya manyunyu, akavuta breki ya mbele, ikazama. Ya nyuma peke yake ikaburuta gurudumu kwenye lami ile yenye maji. Kilichomwokoa ni ua wa michongoma kando ya barabara, alijirusha humo na pikipiki yake. Tarishi mwenzake ndiye aliyetuletea habari, wakati Mzee Sohan ndiyo kwanza amerudi.

Mzee hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Wewe ilipanda?"

"Hapana, Mzee."

Akafunga gereji saa tisa mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na tukaenda hospitali kwa miguu. Ochieng alikuwa amevunjika mfupa wa bega na uso umechorwa na miiba. Aliponiona akajaribu kucheka, ikashindikana. Ndipo akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua saa, "Wafula, mbona hukupanda?"

Nilitazama suruali yangu. Niliona aibu ambayo mpaka leo, nikiikumbuka, masikio yananichoma.

Bega lilipopona alirudi gerejini na pikipiki ile ile. Nilidhani amekuja kwa Mzee, lakini alininyooshea mimi ufunguo. Nikatoa hewa, nikanywa chai kikombe kizima, nikavuta leva mara moja, nikapanda nyuma nikiwa nimevaa ile suruali ya kijivu, makusudi. Tulipofika chini alivuta breki mpaka kichwa changu kikagonga mgongo wake, na akacheka hadi tukakaribia kuanguka kwa kucheka. Binti naye nilimwoa, ingawa mjomba wake alinisubiri wiki mbili zaidi. Ndiye huyu anayenikataza kupiga kelele.

Sasa, Jumamosi.

Binti yetu Nekesa anafanya kazi kwenye duka la dawa huko Hurlingham. Anawapelekea wagonjwa dawa nyumbani kwa pikipiki, mwanamke peke yake kati ya wanaume wanne, na hakuna anayemshinda kujua njia. Asubuhi hiyo aliingia uani akiwa anaisukuma.

"Baba, breki ya mbele imekuwa laini. Naivuta inafika hadi kwa handle."

"Tangu lini?"

"Alhamisi. Lakini ya nyuma iko poa."

"Tangu Alhamisi unashuka Valley Road na breki moja?"

"Si naenda pole pole, Baba."

Nilisimama haraka hadi kuku wakatawanyika. Niliona michongoma, niliona uso wenye miiba, lakini safari hii uso ulikuwa wa mwanangu. Nikamwambia alete boksi langu la spana, tutaimaliza sasa hivi.

Hapa niseme jambo ambalo sikupenda kulisema kwa muda mrefu. Mkono wangu wa kulia hutetemeka. Si sana; chai haimwagiki kama kikombe hakijajaa. Nilichuchumaa, nikaweka spana namba nane kwenye ile skrubu ya hewa, ikateleza. Nikaweka tena, ikateleza. Mafundi mnajua: mara ya tatu unakula kingo za skrubu, na hapo umejitafutia msiba.

"Baba, lete hiyo spana," Nekesa akasema. "Wewe nishikie tu leva."

Nikakubali, kwa shingo upande. Alikuwa amefunika tangi kwa taulo lenye maji bila kuambiwa, na badala ya mpira wetu wa zamani alileta mpira mpya wa dripu kutoka dukani kwao, wazi kabisa, kila kiputo unakiona kikipita. Nikavutiwa, nikashika leva.

"Shika!"

"Nimeshika!"

Akafungua. Viputo vikatoka vikifuatana, nami moyo ukanidunda kama siku za Kirinyaga Road! Kisha akakunja uso.

"Baba, umeachia."

"Sijaachia."

"Si naona kwa hii mpira? Hewa imerudi."

"Hiyo mipira ya hospitali inavuja. Mimi nimeshika leva kabla hujazaliwa!"

Tukarudia. Ikarudi tena. Mara ya tatu nilijitazama vidole mwenyewe, nikaviona. Kila alipofungua na leva ikaanza kushuka, vidole vililegea kidogo tu, vikashika tena. Kidogo hicho kilikuwa kinatosha. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha hewa kwenye breki ya mtoto wangu, na bado nabisha. Nilikaa kwenye kigoda na sikutaka mtu aniambie neno. Niliumia, nisiwafiche.

Nekesa naye hakunibembeleza. Alizunguka ua, akatoka na kipande cha tyubu ya baiskeli kuukuu. Mzee Sohan alitufundisha kufunga leva kwa kipande kama hicho na kuiacha hadi asubuhi, ili viputo vidogo vipande juu vyenyewe. Hilo nilimfundisha Nekesa. Lakini yeye alivuta leva, akaizungushia mpira ukiwa umenyooshwa sana, akauacha uvute wenyewe. Kisha akachuchumaa na kufungua skrubu. Leva ikashuka polepole, mpira ukiifuata bila kulegea, hadi mwisho. Akafunga skrubu, akafungua mpira, akaongeza mafuta kwenye kikopo. Akaanza tena, mtu mmoja, kazi ya watu wawili!

"Nani amekuonyesha hivyo?"

"Hakuna. Mpira hauchoki, Baba."

Nilisimama. Nilisahau kwamba nilikuwa nimenuna. Miaka yote ile tuliita gwaride, na kumbe kipande cha tyubu kingeweza kuwa askari! Nikaanza kuita mwenyewe, "Shika! Imefungwa! Achia!" ingawa hapakuwa na wa kuitikia ila mpira, na Nekesa akacheka akiwa chini, na viputo vikapungua, vikawa kimoja kimoja, kisha mafuta yakaja safi, rangi ya asali. Akaendelea mara tano zaidi. Hapo ndipo nilipojua ni fundi, kwa zile mara tano ambazo hakuna aliyemlazimisha.

Mke wangu akaleta chai. Tukainywa yote, na nyinyi mngeona tulivyokuwa tunaitazama ile leva kwa jicho la pembeni. Kikombe kilipoisha, Nekesa alivuta mara moja. Ilishuka kidogo, ikasimama. Ngumu. Nikavuta na mimi. Ngumu!

Nikachukua helmeti ya abiria, kama kawaida yangu, nikainua mguu nipande nyuma.

"Ngoja," akasema. "Fundi wa leo ni nani?"

Nilibaki nimeinua mguu.

"Baba, fundi wa leo ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi nyuma ni kwangu. Wewe endesha."

"Sijaendesha tangu nistaafu. Na mkono huu unauona."

"Kushika tu na kuachia, na hapa ni karibu. Nitakuambia." Kisha akaniangalia, na hadithi ya Ochieng ameisikia tangu akiwa na meno ya maziwa, akasema polepole, "Mbona hupandi?"

Nilimtazama mke wangu ili anitetee. Alinielekezea mwiko kwenye kiti cha mbele.

Nyuma ya nyumba yetu kuna barabara ya murram, ya changarawe nyekundu, inayoshuka hadi kwenye daraja dogo. Mkono ulitetemeka nikivaa helmeti, ukatetemeka nikishika usukani, na pikipiki ilipoanza kushuka sikuwa na nafasi tena ya kuutazama. Upepo ulinipiga kifuani. Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo akapiga kigelegele bila kujua sherehe ni ya nini. Daraja likawa linakuja, nami nikasikia mikono ya Nekesa kiunoni mwangu, haikubana, imetulia tu. Mwenye kuogopa hubana. Yeye alikuwa anaijua kazi yake.

Miaka yote nilipanda nyuma nikidhani Mzee Sohan anataka fundi aogope. Sikuwahi kukaa mbele fundi akiwa nyuma yangu. Sikujua Ochieng alikuwa anasikia nini pale nilipokuwa mgongoni kwake, na alikosa nini ile Ijumaa.

"Shika!" akanipigia kelele sikioni.

"Nimeshika!"

Vidole viwili, mara moja. Gurudumu lilisimama hatua tatu kabla ya daraja, na helmeti yake ikagonga ya kwangu, ko! Tukabaki pale, vumbi likitupita.

"Achia, Baba."

Sikuachia. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka ndani ya helmeti, siwezi hata kuyapangusa.

"Tena," nikamwambia. "Nageuza turudi juu. Tena!"